Vidonge vya Rangi ya Asali

Jumatatu, 3 Februari

Asubuhi mabaka tisa. Manne tumboni, mawili kwapani, matatu mkono wa kulia. Nimeyahesabu kabla ya kupiga mswaki, kama kawaida. Mpaka nafika saluni yale ya mkono yalishapotea, mengine yalishatokea shingoni. Hayana kituo. Baka linavimba kama umeng'atwa na siafu, linawasha hadi machozi, saa mbili tatu baadaye hakuna hata alama. Mwaka wa pili sasa.

Nimevaa blauzi ya mikono mirefu. Mvua imegoma tangu Alhamisi, mji unachemka, na mimi nimejifunika kama mtu wa Njombe. Mteja wa kwanza alitaka msuko wa twende kilioni. Nilipoinua mikono kumpasua njia za nywele, blauzi ikarudi nyuma, akaona. Akakumbuka ghafla kwamba ameacha maharage jikoni. Nimechukia. Sijui nimchukie nani.

Alhamisi, 6 Februari

Mama Salha, mwenye saluni, ameniita nyuma kwenye sinki. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amesema wateja wananong'ona, mmoja kamuuliza kama ni ukoma. Amenipa mpaka wiki ya Idi. Wiki hiyo mji mzima unasukwa, hataki mtu mwenye mabaka kwenye kiti cha mbele. Nisipokuwa safi kufikia hapo, kiti changu atapewa Mwajuma, wifi yake Tatu ninayesuka naye.

Miaka tisa nimesimama nyuma ya kile kiti. Sina kazi nyingine ninayoijua. Shamba la Ulyankulu analihangaikia mume wangu, Baba Kulwa, na mgongo wangu haujui jembe. Nilirudi nikaendelea kusuka. Njia zikaenda upande.

Jumamosi, 8 Februari

Mama yangu kapiga simu kutoka Bukene: acha dagaa. Jirani: acha mayai. Baba Kulwa: ni dawa za nywele, vaa glovu. Mama mmoja wa jumuiya ya kanisani: kuna mtu amenifanyia. Nimeacha dagaa, mayai, karanga, nyanya na sabuni ya unga. Glovu nimevaa, wateja wakadhani nina jambo baya zaidi. Mimi nimekonda, mabaka yamenenepa.

Tatu, anayesuka kiti cha pili, ana maelezo yake. Anasema babu zangu walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, mizigo ikashuka mabegani ikaingia kwenye ngozi, ndiyo inatoka sasa. Tatu ni Mzaramo wa Kisarawe, mume wake yuko reli. Mimi Mnyamwezi. Basi ni mtani wangu, na utani wenyewe tumeurithi kwenye njia hiyohiyo ya misafara. Ana ruhusa ya kunisema atakavyo na kuchukua changu chochote, nami vilevile kwake. Ukichukuliwa kitu hukasiriki. Unakikomboa kwa soda au kuku, mnacheka, yanaisha.

Amekula michembe yangu, viazi vyangu vikavu, miaka sita. Siku tunamzika baba alivaa kofia ya marehemu, akakohoa kikohozi chake palepale kaburini, akazuia udongo usimwagwe mpaka apewe jogoo. Nilicheka huku nalia. Bila yeye ningeanguka siku ile.

Jumatano, 12 Februari

Majibu ya damu yamerudi. Sampuli ilisafirishwa, nimengoja wiki tatu. Daktari ni kijana, ananiita mama ingawa nadhani nimemzidi miaka minane tu. Kasema vitamini D yangu iko chini sana.

Nilidhani ananitania na yeye. Tabora hii? Jua hili? Akaniuliza nashinda wapi. Ndani, saluni, asubuhi mpaka jioni. Ninavaa nini. Mikono mirefu, tangu mabaka yaanze. Yaani mimi nalikimbia jua kwa sababu ya mabaka, na huenda kukosa jua kunayachochea mabaka. Huenda. Neno hilo kalitumia kuliko jingine lolote.

Nilivyoelewa ni hivi. Kuna watu wenye mabaka ya muda mrefu ambao vitamini D yao iko chini, na wakipewa vidonge wengine hupata nafuu. Wengine hawapati. Kwa nini, bado haijulikani vizuri. Hakuniahidi kupona. Ila kwa kuwa damu imepungukiwa, ningepaswa kumeza hata kama nisingekuwa na baka moja. Kidonge kimoja kila siku baada ya chakula, nisizidishe kwa tamaa, vikizidi vinadhuru. Dawa ya aleji, ambayo nilikuwa nameza pale tu ninapowashwa, sasa niimeze kila siku, niwashwe nisiwashwe. Na niote jua kidogo asubuhi, mikono wazi.

Mambo matatu kwa mpigo. Nimeyaandika kwenye kiganja nisisahau.

Ijumaa, 14 Februari

Jana kidonge cha kwanza. Kidogo, laini, rangi ya asali, ukikishika kwenye mwanga unaona upande wa pili. Kichupa nimekiweka saluni, kwenye droo ya vitana, kwa sababu chakula cha mchana nakula kule. Asubuhi nimekaa uani robo saa, mabega nje, kama mhogo ulioanikwa. Jirani kanichungulia juu ya ukuta, akasalimia, akaondoka haraka.

Mabaka kumi na moja.

Jumatatu, 24 Februari

Siku ya kumi na mbili ya vidonge. Wiki iliyopita yalikuwa manane, yakawa sita, leo kumi. Nimechoka kuhesabu, lakini nisipohesabu nitajuaje.

Leo Tatu katoa kichupa changu kwenye droo akakitikisa mbele ya wateja. Akasema Mnyamwezi jua kapewa la bure tangu anazaliwa, bado ananunua la kwenye kopo. Watu wakavunjika mbavu. Nikamwambia Mzaramo angeona ngoma inauzwa kwenye kopo angenunua mawili na kuuza godoro. Tumecheka sana. Halafu nikaenda chooni nikajikuna mpaka damu.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo wa Ramadhani umeanza. Mabaka matatu, madogo. Wiki nzima yamekuwa yakipungua na sikuandika, niliogopa kuyaamsha. Alhamisi matano, jana manne. Sitaki kusema kitu.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Hakuna. Hakuna hata moja.

Nimejikagua kwenye kioo mbele na nyuma mpaka Baba Kulwa, aliyekuja mjini kufuata mbolea, akauliza natafuta nini. Kanisani padri kanipaka majivu kwenye paji la uso, akanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi, nami nilikuwa natabasamu kama mwehu. Mama wa nyuma yangu akanigusa bega.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya saba bila baka. Nimevaa mikono mifupi. Nimewaambia watu wote: vitamini D. Nimewaambia wateja, yule mama wa jumuiya, hata muuza vocha wa pale kona. Nimekuwa mhubiri. Mama Salha kanishika mkono, kaugeuza huku na huku kama anachagua papai sokoni, akasema haya. Haya ya Mama Salha si ndogo.

Mchana nakula kule nyuma, mlango nimeufunga, kwa heshima ya waliofunga. Kisha kidonge. Nakimeza kwa adabu, nusura nikiamkie.

Jumatatu, 17 Machi

Tatu kapoa. Hanitanii kabisa. Nimemchukulia kanga yake makusudi nikaivaa mbele yake, hakunidai. Nadhani ni mfungo, wengi wanapunguza mdomo Ramadhani. Lakini kila nikitoka kula ananiangalia mikono. Leo kaniuliza kama bado nameza. Nikamjibu kila siku, siruki. Akasema sawa, akaenda kutia udhu na wakati wa swala ulikuwa bado.

Sielewi. Anayepona ni mimi, anayeonekana mgonjwa ni yeye.

Jumanne, 25 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mchana wateja walitulia. Nilikuwa nimemaliza kula, kichupa mkononi. Tatu kaingia nyuma, kafunga mlango, kasimama. Kasema kuna jambo hawezi kumaliza nalo mfungo.

"Mama Kulwa, vidonge unavyomeza si vyako. Vyako ninavyo mimi."

Siku ileile ya kunicheka na jua la kopo, nilipokwenda chooni, alivimimina vyangu kwenye kitambaa. Akajaza vya kwake, vya mafuta ya samaki, alivyoletewa na kaka yake kutoka Dar. Vinafanana kama Kulwa na Doto wangu. Alitaka kesho yake anidai kuku wa kuvikomboa. Kesho yake nikaja nimefurahi, mabaka yamepungua, akaona angoje siku moja zaidi ili kicheko kiwe kikubwa. Siku ya pili yakapungua tena. Ndipo akaogopa. Akisema, labda yatarudi. Akinyamaza, ananidanganya. Wiki nne.

"Sikuweza kukuambia wakati unapona," kasema. "Na kunyamaza nimeshindwa."

Kanipa kitambaa kimefungwa fundo. Vyangu, vyote.

Utani unanitaka nisikasirike. Nimekasirika. Nimetoka bila kuaga, mteja wangu nimemwacha na kichwa nusu.

Jumatano, 26 Machi

Sikwenda kazini. Nimekaa kitandani na vidonge vya aina mbili mbele yangu, nashindwa kuvitofautisha.

Kama si vidonge, ni nini basi? Dawa ya aleji ya kila siku? Jua la uani? Au ni vile vyangu kumi na viwili vya mwanzo, vilichelewa tu kufanya kazi? Au ni hayo mafuta ya samaki. Mimi niliyeacha dagaa kwa hofu nimekuwa nikimeza samaki mwezi mzima kwa heshima zote. Au mabaka yalichoka yenyewe. Au ni kichwa changu, kiliamini na ngozi ikafuata. Kila nikishika jibu moja lingine linanitoroka. Na watu wote wale niliowahubiria?

Baba Kulwa kapiga simu kutoka shamba, nimemweleza. Kasema Mwajuma anakingoja kiti changu, Mwajuma ni wifi yake Tatu, kwani nataka nichorewe ramani? Nikasema ni utani. Akasema utani una mpaka, dawa si michembe.

Anayenitakia mabaya angekuja mwenyewe kuniambia? Anayenitakia mema angenyamaza wiki nne? Sijui. Nimelia kama mtoto. Sikumeza chochote leo, wala jana jioni.

Alhamisi, 27 Machi

Yamerudi. Sikuweza kuhesabu, yameungana. Mdomo wa juu umevimba mpaka puani. Nimeogopa kufa. Bodaboda mpaka hospitali, kanga usoni.

Daktari kanitazama koo, kanisikiliza kifua, kanichoma sindano, kaniambia nikae palepale mpaka uvimbe upungue. Kasema nikisikia koo linabana au pumzi inakata nisingoje kuche, nije. Kisha kauliza dawa ya aleji nimemeza lini mara ya mwisho. Jumatatu. Kwa hasira nilisusa zote. Akashusha kalamu.

Nimemsimulia habari ya kichupa. Nilitaka akasirike kwa niaba yangu. Badala yake karudia kuuliza mara mbili kama kweli mtani anaruhusiwa. Anatoka Moshi, utani wetu haujui, tumsamehe. Kauliza boksi la yale mafuta ya samaki liko wapi. Nikampigia Tatu, boksi alishalitupa. Daktari kasema mafuta ya samaki mengine yana vitamini D ndani yake, mengine hayana, bila boksi hawezi kusema. Nikamwambia anipe jibu moja tu, lolote, nitalala nalo.

"Mama, nikisema najua kilichokusaidia nitakuwa nakudanganya."

Kasema dawa ya kila siku ndiyo angeitilia shaka kwanza. Lakini vidonge vya vitamini D niendelee navyo, vyangu, kwa sababu damu inavihitaji, na baada ya miezi miwili tupime tena. Jua niendelee kuota. Hasira nipunguze. Hilo la mwisho halina kidonge.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kazini. Mdomo umerudi mahali pake, lakini mikono yote ina mabaka. Nimevaa mikono mifupi. Si ushujaa. Nimechoka, basi.

Saluni ilijaa mpaka barazani. Mwajuma alishafika, kasimama karibu na kiti changu, kajifunga aproni mpya. Mama Salha kaitazama mikono yangu, kakitazama kiti. Zamu ilikuwa ya mama mmoja na binti yake. Yule mama kanyanyuka, kaniona, karudi kukaa. Nikaanza kukusanya vitana vyangu.

Tatu kamwacha mteja wake katikati ya kichwa. Kaja, kakaa kwenye kiti changu, kavua mtandio.

"Nisuke. Zile ndogondogo."

Zile ndogo zinakula saa nne nzima, siku yenye watu wengi kuliko zote za mwaka. Mama Salha kamwambia Mwajuma akammalizie yule mteja kwenye kiti cha Tatu. Kwa hiyo kiti alichopoteza mtu leo ni cha Tatu. Kakitoa mwenyewe.

Sikuwa nimemsamehe. Nimemvuta nywele makusudi mara mbili, hakulalamika. Kawageukia waliokaa kwenye mabenchi, hajaulizwa na mtu, kawaambia miaka sita anakula sahani moja na mimi, anatumia vitana vyangu, na kama ugonjwa huu ungekuwa wa kuambukiza yeye angeshaoza zamani. Wengine wakacheka. Kisha saumu ikamzidi, akasinzia, kichwa chake chote kikalala kwenye mikono yangu yenye mabaka. Nikapunguza kuvuta. Nilikuwa sijafika utosini yule mama alipokuja kuuliza kama binti yake anaweza kufuata.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Watoto wamekula pilau kwa Tatu mpaka wakashindwa kutembea. Nilikwenda na kuku hai, miguu imefungwa. Kampokea, hakuuliza wa nini. Tumekaa jikoni kwake. Baba Kulwa hajapenda. Atazoea.

Mabaka manne.

Ijumaa, 4 Aprili

Mabaka mawili, pajani. Dawa nimemeza. Kidonge nimemeza, changu, sasa kichupa kinakaa nyumbani. Jua lilikuwa na mawingu.

Mama Salha hajasema kitu kuhusu kiti. Nimefika, nimekikuta kitupu, nimesimama nyuma yake, akaniletea mteja. Nadhani ndiyo jibu. Mwajuma anaosha nywele kwenye sinki na anasuka kinapopatikana kichwa. Tatu kasema mdomo wangu ulipovimba hatimaye nilipata sura. Nimefurahi kutukanwa.

Mchana alikuja binti wa chuo, mpole, sweta mpaka vidoleni na joto hili. Nilipofika kisogoni kauliza kwa sauti ndogo kama ni mimi yule dada aliyepona mabaka. Kasikia kwa watu. Nilitumia nini? Akapandisha sweta kidogo, nikaona. Matatu, mapya, bado mekundu.

Nilitamani sana kuwa na jibu. Nilimwambia nilitumia vitu vingi kwa pamoja na sijui ni kipi. Aende hospitali, waipime na hiyo vitamini D, asinunue tu kwa kunisikia mimi, na dawa atakayopewa asiisuse. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, kwani dada umepona?

Nikamwambia sijui. Leo ninayo mawili.

Kisha akakunja sweta mpaka kwenye viwiko, mikono yote miwili, akailaza mapajani. Nikaendelea kumsuka.